Tumekuhamisha Kutoka Kando ya Barabara Yako

Baba Namsifu,

Tumekuhamisha. Nalisema hili kabla ya salamu, maana wewe hukuwa mtu wa kuzungushwa. Mtu akija na maneno ya pembeni ulikuwa unamkata: "Nani kafa? Sema." Safari hii hajafa mtu. Ni wewe tu, uliyekwisha kufa, tumekutoa pale ulipotaka kulala, kando ya barabara, tukakupeleka juu nyuma ya migomba, ubavuni kwa baba yako. Kule magari husikii. Utasikia majani na maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, yakifunguliwa asubuhi, basi.

Anayeandika ni Namsifu, binti yako. Mimi nasema, yeye anaandika. Unajua mkono huu unajua jembe na mwiko, darasani haukufika hata siku ya kuandikisha majina. Nimemwambia asinirembee maneno. Akigusa neno langu nitamjua, maana nitamtaka anisomee. Nimemwambia pia barua hii isiwe ya kufichwa. Wenye mume kando ya barabara, wenye mama kando ya barabara, milima hii yote wapo, nao waisome.

Nianze na dada yako, Nakijwa, kwa kuwa bila yeye barabara isingekuwepo.

Unakumbuka ile njia ya zamani ya kushuka Hedaru. Ilikuwa ya mbuzi, na mbuzi wenyewe walikuwa wanafikiria kwanza. Nakijwa alishikwa na uchungu mvua ikinyesha, mkamlaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume mkapokezana mabega. Mimi nilibaki na watoto wake. Mlirudi na kitanda kile kile, kimefunikwa. Hakuifikia hata lami, na mtoto wake hakulia. Uliingia jikoni kwangu ukakaa kwenye kigoda ukiwa na matope mpaka magotini. Nikakupa uji ukapoa mkononi. Ulisema neno moja tu, "Amekufa njiani," ukarudia, "njiani," kama mtu anayetafuta wa kumlaumu akakuta ni udongo.

Baada ya matanga wazee walikuja. Walitaka barabara ya gari, na pa kupita palikuwa mahali pamoja tu: mgongoni mwa shamba lako, kule penye kahawa iliyokuwa inazaa kuliko zote. Upande mmoja korongo, upande mwingine jabali. Bila kahawa yako hakuna gari lingepanda mlima huu.

Walikuja kwa desturi. Ardhi ya mtu kwetu huiendei mkono mtupu, wala huiendei peke yako. Walileta chungu cha dengelua, na aliyekibeba ni mzee wa kanisa, yule ambaye Jumapili iliyotangulia alisimama madhabahuni akatukemea sote kwa sababu ya pombe hiyo hiyo ya miwa. Uliliona hilo kabla ya wote.

"Karibu mzee," ukamwambia. "Hicho ulichobeba ni maji ya ubatizo?"

"Ni ya kuombea," akajibu, macho chini.

"Basi ombeni."

"Tumekuja kuomba njia."

"Njia ipi tena? Mbona mmepita mkafika?"

"Njia ya gari, mwenzetu."

"Gari la nani? Wewe una gari? Wewe una mbuzi, na mmoja anachechemea."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na walikuwa bado wana msiba. Ukawaacha waombe. Waliomba wakazunguka, wakataja babu zako, mwisho wakamtaja Nakijwa. Chungu kilikuwa kimefika nusu uliposimama, ukachukua jembe, ukaenda mwenyewe penye mstari wa kwanza wa kahawa, ukakata mizizi. Shina lilipolala ukasema, "Piteni."

Hakuna aliyeandika. Angeandika nani, na ya nini? Kijiji kizima kilikuwa kimesimama pale, kimeona.

Ikaanza kazi ya msaragambo. Pembe ikilia asubuhi, kila nyumba inatoa watu, asiyekuja anasemwa mpaka na mke wake. Lile jabali mlilivunja kwa moto: mnakoka kuni juu yake mchana kutwa, likiwa jekundu sisi wanawake tunalimwagia maji ya baridi kwa mpigo, linapasuka kwa mlio wa kutisha. Nilikuwa na mimba ya Eliamani. Ulinikataza nisibebe mawe, nikabeba. Ukanikataza tena mbele ya watu, nikakwambia kama unaona uchungu beba wewe hii mimba, mimi nibebe mawe. Nilipika makande ya watu wote kwenye lile sufuria la kuazima lenye tundu, nililoziba kwa ugali. Sijawahi kuchoka kama miezi ile, na sijawahi kuona kijiji kinapendana kama miezi ile.

Lori la kwanza lilipopanda kuchukua tangawizi ulisimama katikati ya njia kama askari. Dereva akapiga breki, akakutukana. Ukamwambia, "Unatukana unapita kwa nani? Hii barabara ina mwenyewe." Kuanzia siku hiyo wakakuita Mwenye Barabara. Ulijifanya hupendi. Ulipenda! Jioni ulikuwa unatoa kigoda changu jikoni bila kuuliza, unakikalia kando, unasalimia kila anayepita, unajua nani amenunua nini gulioni na nani amerudi amelewa.

Ndiyo maana ulipougua ukakataa kuzikwa nyuma ya migomba. Mdogo wako Zefania alikuja juu: "Kaka, mtu hazikwi njiani. Sisi tunalala kwa wazee wetu." Wewe na pumzi yako ile fupi: "Kwa baba nitasikia nini? Migomba inaota? Nilazeni pale nisikie watu wanapita." Zefania akanitazama mimi nikutie akili. Sikukutia. Niliona mtu aliyetoa kahawa yake amestahili kuchagua pa kulala. Tukakuzika pale. Watu wakawa wakipita wanasema, "Hodi, Mwenye Barabara."

Sasa nikueleze jambo ambalo wewe na mimi hatukulijua, na laiti tungelijua.

Unakumbuka ulipokuwa mzima walikuja watu wa halmashauri kuichukua barabara iwe yao, ihudumiwe. Uliwapokea kama wakwe. Uliwakatia ndizi, ukawabebesha. Jioni ukaniambia, "Mama Namsifu, sasa greda litakuja." Na lilikuja, mara moja, likaondoka. Tukafurahi. Tulidhani wamechukua ile njia tuliyoichimba, upana ule ule wa miguu yetu. Kumbe barabara ikiingia mkononi mwa serikali inaingia na mabega yake. Huku kipande na huku kipande, mpaka ndani ya shamba la mtu. Kinaitwa hifadhi. Kwa macho hukioni. Unalima juu yake, unapika juu yake, unazika juu yake, hakuna anayekwambia.

Halafu ikahamishwa. Halmashauri ikawapa ofisi ya barabara za vijijini. Juzi hapa, kwa kuwa wanataka kuijenga vizuri iungane na ya upande wa pili wa mlima, ikapandishwa cheo, ikapewa mkoa. Kila ilipobadili mikono mabega yake yalipanuka. Barabara ile iliolewa mara tatu, na sisi wazazi wake hatukualikwa hata harusi moja.

Walikuja watu wa mkoa na utepe wao wa kupimia na makopo ya rangi. Wakavuta kutoka katikati ya njia. Ukapita kwenye tangawizi yangu, ukapita ukutani kwa jiko, ukapita juu yako, ukavuka. Kijana mmoja akachora jiko X nyekundu. Akageukia msalaba wako na brashi. Nikamwambia, "Mwanangu, ukimpaka rangi mume wangu na mimi nakupaka wewe, na sitachagua mahali." Akaweka brashi chini. Akasema, "Samahani bibi." Nikampa maji ya kunywa, maana jua lilikuwa kali na mama yake yuko mahali anamngoja.

X nyekundu ni ya wasiolipwa kitu. Ya kijani ndiyo ya fidia. Jirani yetu wa pale konani, aliyehamia juzi juzi, wamemchora kijani, kwa sababu wanaikata kona ile na barabara inakwenda kumfuata kwake. Sisi tuliokuwepo kabla ya barabara tuna nyekundu. Simwonei wivu. Naye alilia, nyumba ni nyumba.

Wakaita mkutano pale ofisi ya kijiji. Mhandisi alitoka mkoani, kijana mpole, shati safi. Nikasimama kuuliza mambo yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, sheria inauliza kitu kimoja. Barabara ilikukuta, au wewe ndiye uliyeikuta barabara?"

"Ilinikuta nina mimba, nimebeba mawe yake kichwani."

Watu wakaangua kicheko. Yeye naye akacheka kidogo, kisha akafunua makaratasi. "Kwenye kumbukumbu zetu, barabara ilikuwepo."

"Ilikuwepo tu? Kama mto?"

"Ndivyo tulivyoipokea bibi. Tulipokabidhiwa, ilikuwepo."

Hicho ndicho kilichoniuma, Baba Namsifu. Jiko nitajenga lingine. Tangawizi inaota popote penye mbolea. Lakini ule mstari wa kahawa ulioukata kwa mkono wako, na dada yako, na lile jabali, na wazee wote walioomba mpaka koo zikakauka, kwenye makaratasi yao havimo. Barabara iliota. Hakuna aliyeitoa.

Mwenyekiti wetu, unamjua, ni mtoto wa yule yule mzee wa kanisa aliyebeba chungu, akaona anisaidie. Akasimama akasema kwa sauti ya mazishini, "Bibi, marehemu alikuwa mtu wa kutoa. Angekuwepo leo angetoa."

"Marehemu alitoa kwa sababu aliombwa," nikamwambia. "Baba yako alikuwepo. Na nyie niombeni, muone kama sitoi."

Akapangusa jasho. "Bibi, serikali haiombi. Serikali inaarifu."

"Basi ijifunze. Kazi ndogo sana."

Watu wakapiga makofi. Mhandisi akatazama chini. Nilidhani ataomba. Nakuapia, nilimwona anavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema. Angesema "tunaomba, bibi," neno hilo tu mbele ya wale watu, ningekwenda mwenyewe kuchukua jembe. Akafunga makaratasi, akasema mkutano umefungwa.

Usidhani nilikataa barabara. Ningeikataaje? Malori yanaanguka korongoni kila masika. Wajukuu wako wanasoma Same, wanashuka na hiyo hiyo. Nilichotaka ni kuombwa.

Mwanao Eliamani alitaka zaidi. Alipanda kutoka Same siku ya pili yake, hakuketi. "Mama, baba haguswi. Haguswi mpaka waandike kwamba ardhi hii aliitoa yeye, na walipe." Akamtafuta wakili mjini. Wakili akamsikiliza vizuri, akamuuliza, "Mashahidi wako wapi?" Eliamani akaanza kutaja majina, na kila jina alilotaja lilikuwa na kaburi. Mashahidi wote wamelala mlimani. Nimebaki mimi, na mimi ni mkeo, nitaambiwa natetea shamba langu. Wakili akasema kesi ipo ila ni ndefu, na wakati inakwenda, barabara haisimami.

Ikaja notisi ya makaburi. Familia ihamishe mpendwa wake, ama watahamisha wao. Nikawaza lile greda linakufikia wewe kwanza, kabla ya mikono ya watu wako. Sikuweza. Nikamwita Eliamani kwa simu, nikamwambia baba yako tunamhamisha, njoo. Akasema, "Mama, ukimtoa pale umewapa. Umewamalizia kesi." Nikamwambia kesi ni yako, mume ni wangu. Akakata. Hakuja. Mpaka leo nikipiga anapokea mama wa watoto wake, "Hajambo, yuko kazini." Kazini mpaka Jumapili.

Inawezekana ana haki. Nalisema hili Namsifu akiandika, na ameinua macho kunitazama. Andika, mwanangu. Inawezekana kaka yako ana haki.

Siku yenyewe walikuwepo mchungaji, Zefania na fimbo yake, wachimbaji wawili wa kwetu, na bibi afya kutoka wilayani, mwanamke mnene wa makamo mwenye viatu vya mpira. Greda lilikuwa limesimama chini kidogo, linanguruma. Nilikuwa nimejifunga kanga kiunoni, nimejipanga kutolia. Yule mwanamke akaja mpaka nilipo, akavua glavu zake, akanishika mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Aliyelala hapa ni mzee wako?"

"Ni wangu."

"Mama, naomba ruhusa yako tumwamshe."

Nikakaa chini, pale pale kwenye udongo. Wote wakadhani ni uchungu wa kaburi, mchungaji akaanza kutafuta wimbo. Uchungu wa kaburi niliuzoea. Lililoniangusha ni lile neno. Naomba. Miezi yote nilikuwa nalingoja kutoka kwa wenye makaratasi, likaja kutoka kwa mwanamke aliyekuja kuangalia mifupa.

Alimwambia mtu akazime greda. "Tunakungoja mama," akasema, akakaa chini na yeye, na gauni lake la kazi. Na nikaona kwamba ananingoja kweli. Ningesema hapana angekwenda kuwaambia mama amesema hapana. Mimi nimeishi na serikali tangu ya mkoloni wakati nanyonya, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kupewa nafasi ya kukataa. Nikaishika ile nafasi kidogo. Nikaionja.

Nikasema, "Mwamsheni. Taratibu, ana mgongo mbaya."

Hukubaki mwingi. Kulikuwa na vifungo vya koti lako la kanisani na kipande cha lile blanketi la kijivu. Nilikufunga kwenye kitenge kipya nilichokuwa nimekiweka cha sikukuu. Zefania alitembea nyuma yako njia nzima ya migombani anakugombeza, "Nilikwambia, kaka, nilikwambia mtu hazikwi njiani," akafika juu akakaa kwenye jiwe akalia kama mtoto aliyeachwa.

Majuto yangu ni haya. Yule mwanamke aliomba mifupa tu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Ardhi hakuiomba mtu. Nimetoa kilichoombwa, na kisichoombwa kimekwenda pamoja nacho, na mwanangu haniongeleshi.

Jiko limebomolewa. Napika kwenye mafiga uani, moshi unaingia chumbani, Namsifu ananiambia nihamie kwake Same. Nikae mjini nifanye nini, nitazame ukuta? Pale ulipokuwa wamemwaga kifusi, wameshindilia kwa mtambo mpaka pamekuwa pagumu kama sakafu. Makondakta wa basi la Hedaru bado wanaita, "Kwa Mwenye Barabara, wapo?" Wengine ni vijana, hawajui wanamwita nani. Wanashusha mizigo, wanakwenda.

Halafu nimegundua jambo, na ndilo lililonifanya nimwite Namsifu na kalamu yake. Nimewasema watu wa utepe, nimemsema mwenyekiti, nimedai kuombwa mpaka mlima mzima ukanisikia. Na wewe je? Ulisema kwa kinywa chako pa kulala. Bibi afya aliniomba mimi, mimi nikajibu kwa ajili yako. Hakuna aliyekuomba wewe. Hata mimi. Nimekutoa kwanza, sasa ndiyo nakuarifu.

Kwa hiyo nimekuja, kwa barua hii. Sikuja peke yangu. Wote wanaoisoma barua hii ndio watu niliokuja nao, wasikie. Mchungaji asikasirike, kuna kichungu kidogo cha dengelua nimekiacha pale juu kwenye mgomba wa pembeni.

Naomba, Baba Namsifu. Naomba ulale kule kwa baba yako, mbali na watu wanaopita. Najua umeshalazwa na udongo umeshakauka, na pale pa zamani hata nikitaka siwezi kukurudisha. Naomba hivyo hivyo. Na kama moyo wako hautaki, kataa. Nitapanda nikae kwenye jiwe la Zefania mpaka jua lizame, nisiseme neno, nikuachie nafasi.

Ni mimi mkeo,
mama wa Namsifu na wa Eliamani.